Kabla ya kuuza parseli za kando ya mto Lubumbashi, tuanzie kwenye udongo

Wandugu, huku Lubumbashi kuna maongezi yanakwenda mbio kuliko akili yetu. Ni maongezi ya ile ardhi ya kando ya mto, upande wa kiwanda cha zamani cha kuyeyusha shaba, chini ya ile shemine ndefu ya kutolea moshi na ule mlima mweusi wa mabaki ya tanuri tunaouita terili. Kila mtu anaota kitu pale. Mwenye mtaji anaota hoteli na ghorofa za kutazama maji, mwanasiasa anaota picha za mji wa kisasa, na sisi wa kawaida tunaota parseli ya kusimamisha vyumba viwili watoto wapate pa kulala. Mdogo wangu alinipigia simu na furaha yote, eti amepata parseli si mbali na maji, bei nzuri, makaratasi yapo, muuzaji anataka nusu ya pesa wiki hiihii. Nikamuuliza kitu kimoja, udongo umepimwa? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Yaya, nani anapimaka udongo?"

Na kweli, nani? Parseli tunaipima kwa mita, tunaangalia kama motoka inaingia, kama nguzo ya umeme iko karibu, kama jirani si mtu wa matata, tunaenda kadasta, ile ofisi ya kupima ardhi, tunagongewa muhuri, basi imekwisha. Lakini ardhi iliyokaa chini ya moshi wa shaba kwa miaka na miaka si ardhi kama nyingine, na mimi naandika hii posti juu ya hilo tu. Sikatai mji urudi mtoni, nautaka sana, napenda siku moja watoto wetu watembee kando ya maji bila kuruka takataka. Ninachosema ni utaratibu: udongo na maji kwanza, halafu watu ambao tayari wako pale, na nyumba za kuuza zije mwisho. Ukiugeuza huo utaratibu mji unalipa mara mbili, na anayelipa hawi yule aliyeuza.

Historia kidogo, juu vijana wengi wanaiona ile shemine kama alama ya mji tu. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini, ilianzishwa mwaka 1906. Reli ya kutoka kusini, Rhodesia ya wakati ule, ikafika hapa 1910, mji ukaanzishwa mwaka huohuo kwa jina la Élisabethville, na mwaka 1911 tanuri likatoa shaba yake ya kwanza. Kiwanda kikakaa jirani na mto, na mji ukakua kukizunguka, kambi ya wafanyakazi hapa, nyumba za Wazungu kule mbali na moshi. Mwanzoni mwa 1967 serikali ikachukua kampuni, na ndiyo hiyo baadaye ikawa Gécamines tunayoijua sisi, yenye mishahara, hospitali, shule na mfuko wa unga wa mwezi ambao wazee wetu mpaka leo wanausimulia. Miaka ya 80 ilikuwa inatoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, nchi nayo ikaingia kwenye matatizo yake, na ndani ya miaka michache uzalishaji ukashuka chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa ule mpango ulioitwa wa hiari. Kila familia hapa ina mtu wake mule.

Kazi iliondoka ila metali zilibaki, na watu wengi hawajaelewa hapo. Shaba haiozi. Risasi haiozi, kadimiamu haiozi, arseniki haiozi, zikitua kwenye udongo zinakaa, mvua itapiga na jua litapiga na wajukuu watazikuta palepale. Tanuri la hapa liliyeyusha pia madini ya Kipushi, mji ulio kama kilomita 30 kutoka hapa, na yale madini yalikuwa na salfa, na zinki, na vitu vingine vingi vilivyofungamana na shaba. Salfa ukiichoma inatoka gesi kali, ikikutana na unyevu wa hewani inakuwa asidi na inarudi chini. Kwa hiyo udongo ulipata mapigo mawili kwa pamoja, vumbi la metali kutoka juu na asidi inayoziyeyusha hizo metali ili mizizi izinywe kirahisi. Na upepo wetu, hasa wakati wa kiangazi, unatoka zaidi kusini-mashariki, kwa hiyo moshi ulikuwa unaelekea kaskazini-magharibi mwaka hadi mwaka. Watafiti wa hapa wanaijua hiyo sehemu, mtaa wa Penga Penga umo ndani yake.

Ukifika kule usitazame nyumba, tazama chini. Nenda mwezi wa kwanza, wakati Lubumbashi yote ni kijani na majani yanaota mpaka kwenye nyufa za kuta, utakuta vipande vya ardhi vipara kabisa, udongo mgumu juu, umefanya ganda, hata magugu yamekataa. Halafu ukiinama utaona vishungi vidogo vya nyasi fupi, majani membamba sana, suke moja limepinda upande. Zile nyasi zinaitwa Microchloa kunthii na nitazirudia, juu kwangu zina thamani kuliko ramani zote za ghorofa nilizoonyeshwa kwenye WhatsApp. Pale penye vipara, kiangazi kikifika, upepo unabeba vumbi na kuliingiza ndani ya nyumba, kwenye sahani, kwenye godoro, kwenye mikono ya mtoto anayetambaa.

Si maneno ya kutishana hayo. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza wa UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti walioufanya kusini mwa Katanga, walipima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha na wa wale wanaoishi mbali. Kobalti waliyoikuta, waliandika, ilikuwa ya juu kuliko yote iliyowahi kuripotiwa kwa wakazi wa kawaida, maana yake watu wasiofanya kazi kiwandani, mama wa nyumbani, mwanafunzi, na watoto walikuwa wameguswa zaidi kuliko watu wazima. Metali zilikuwa zinaingia kwa vumbi, kwa chakula, kwa maji. Ni kazi ya profesa wa kwetu, imesomwa dunia nzima, na mpaka leo sijasikia muuzaji wa parseli hata mmoja anayeitaja.

Kando ya maji kuna mama mmoja analima mboga, lengalenga na shu. Ana matuta yake yamenyooka, anamwagilia na bidoni aliyoitoboa vishimo, mikono yake inajua kazi. Nikamsalimia, nikamuuliza kama kuna mtu amewahi kupima udongo wake. Akaniambia, "Mwanangu, hii udongo njo inasomeshaka batoto bangu, unataka nikuambie nini?" Sikuwa na jibu la haraka. Lengalenga lake ni zuri kwa macho, na kuliosha vizuri kunaondoa vumbi la juu ya jani, ni jambo la maana sana, lakini metali iliyopanda kupitia mzizi iko ndani ya jani na maji hayaitoi. Na mtu akija kesho na karatasi ya mradi wa kisasa, wa kwanza kufukuzwa atakuwa huyu mama, bila fidia, wakati yeye ndiye ameshika hiyo ardhi miaka yote wengine walipoiacha. Mradi wa kando ya mto usiokuwa na jina lake ndani mimi siuungi mkono.

Sasa niwapeleke mbali kidogo. Kule Marekani, jimbo la Washington, kuna mji unaitwa Tacoma, na hadithi yake inafanana na yetu mpaka inashangaza. Kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha shaba palepale kando ya bahari, kampuni ya ASARCO ilikinunua mwaka 1905. Kilikuwa na shemine ya mita 171, ndefu kuliko yetu. Madini yake yalijaa arseniki. Mabaki meusi walikuwa wanayamwaga majini yakiwa bado moto, mpaka yakafanya rasi nzima inayoingia baharini, terili yao ndiyo ile. Kiwanda kikafungwa katikati ya miaka ya 80. Walipopima wakakuta vumbi la arseniki na risasi limetawanyika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,600, huko kwenye bustani za watu, shule, viwanja vya watoto. Shemine wakaiangusha kwa baruti tarehe 17 mwezi wa kwanza 1993.

Na baada ya hapo hawakukimbilia kuuza. Eneo lilikuwa limeshaingia kwenye orodha ya serikali kuu ya sehemu zenye sumu tangu 1983, ile wanayoiita Superfund, na sheria yake inamfuata aliyechafua. Wakapima yadi moja moja. Yadi zilizozidi kiwango wakachimba udongo wa juu wakauondoa, wakaleta mwingine msafi, wakarudisha nyasi. Udongo mbaya sana wakaufungia sehemu moja iliyojengwa maalum, na sehemu nyingine wakazifunika kwa tabaka juu ya tabaka ili mvua isipenye na mtu asiguse. Nyumba, mikahawa na njia ya kutembea vilikuja juu ya kazi hiyo, na ile rasi ya mabaki ya tanuri ikafunguliwa kama bustani ya umma mwaka 2019. Hesabuni wenyewe, kutoka kufungwa kwa kiwanda mpaka bustani ni zaidi ya miaka 30, katika nchi yenye pesa. Na hata sasa mamlaka za kule bado zinawaambia familia za hilo eneo zivue viatu mlangoni, watoto wanawe mikono wakitoka kucheza, wafute vumbi na kitambaa chenye maji.

Kwenye hadithi ya Tacoma kitu kinachonigusa zaidi ni pesa, zilitoka wapi. ASARCO ilifilisika mwaka 2005. Kwa kawaida ingekuwa mwisho, kampuni imekufa, kila mtu arudi kwake. Lakini kwa sababu deni la uchafuzi lilikuwa limeandikwa na kupimwa, mahakama ikalihesabu pamoja na madeni mengine, na mwaka 2009 zikalipwa dola bilioni 1.79 kwa ajili ya kusafisha sehemu nyingi za Marekani ambazo kampuni iliziacha chafu, Tacoma ikiwemo. Kisichopimwa hakidaiwi. Njo maana nasema kupima si jambo la wasomi peke yao, kupima ni kuandika deni.

Nasikia mtu anasema, hao ni Wamarekani, sisi tutoe wapi dola bilioni ya kuhamisha udongo? Ni swali la haki kabisa, na kweli hatuwezi kuchimba Penga Penga yote na kuipeleka mahali, na tukichimba tutaimwaga kwa nani? Kijiji gani kitakubali? Lakini kuna njia nyingine, ya polepole na ya bei ndogo, na nusu yake imejaribiwa hapahapa kwetu.

Amsterdam, upande wa kaskazini, kulikuwa na kiwanja cha kutengenezea meli, udongo wake umechafuka na haukuruhusiwa kujengwa vile ulivyo. Mwaka 2012 jiji likatafuta watu wa kukitumia kwa miaka 10. Kikundi cha wasanifu na vijana wa kazi za mikono wakapata, na mwaka 2014 wakafungua sehemu inayoitwa De Ceuvel. Walichukua boti za zamani za kuishi, zile ambazo zilikuwa zinakwenda kuvunjwa, wakazipandisha nchi kavu zikawa ofisi na karakana. Hakuna msingi uliochimbwa. Watu wanatembea juu ya njia ya mbao iliyoinuliwa, miguu haigusi udongo, na chini yake na pembeni wakapanda mimea iliyochaguliwa kwa kazi ya kunyonya au kushika sumu. Vyoo vyao ni vya mboji, havikuunganishwa na mfereji wa maji machafu. Kwa hiyo ardhi inatumika, inaingiza pesa, watu wana kazi, na wakati huohuo inatibiwa. Hiyo ndiyo akili ninayoipenda, kuikubali ardhi ilivyo mgonjwa na kufanya nayo kazi bila kuidanganya.

Na sisi tuna zile nyasi. Mtafiti Mylor Ngoy Shutcha wa UNILU na wenzake waliifanyia kazi Microchloa kunthii, wakachapisha mwaka 2010. Hii nyasi inaota yenyewe kwenye vilima vya shaba vya Katanga, inastahimili shaba na kobalti ambazo mimea mingine zinaiua. Waliipanda kwenye udongo uliochafuliwa na moshi wa tanuri, wakaongeza chokaa na mboji, na kazi inaenda hivi: chokaa inapunguza asidi, asidi ikipungua metali hazitembei sana, mboji inazikamata, na nyasi inashika udongo wa juu ili upepo usiubebe na mvua isiukokote mpaka mtoni. Metali bado zipo pale, ni kama mbwa mkali aliyefungwa kamba, yupo lakini hakufikii. Kwa hiyo haina maana kwamba baada ya hapo unalima sombe juu yake. Maana yake ni kwamba mtoto anaweza kupita pale bila kumeza vumbi, na mto unapumua.

Chokaa tunayo, majani ya soko yanayooza kila jioni tunayo, nyasi ni ya kwetu, na mikono ya vijana wasio na kazi iko tele. Kila mwaka tunaona pesa zinatoka za kupaka rangi vizuizi vya barabarani. Nani atasema kwamba kulipa vijana wa Penga Penga, wa Kamp Gécamines, wa Katuba, wapande nyasi na miti kando ya mto ni ndoto?

Niseme pia juu ya terili yenyewe, juu wengi wanafikiri ni uchafu tu wa kusubiri kuondolewa. Inakadiriwa ilikuwa na tani kama milioni 14 za mabaki, na tangu karibu mwaka 2000 kuna tanuri linaichakata kutoa kobalti. Kiwanda cha STL, cha Gécamines, sasa kinatoa humo mpaka germaniamu, ile metali ya nyaya za intaneti za mwanga na ya vioo vya kamera za kuona gizani, na mwaka 2024 mzigo wake wa kwanza ulikwenda Ubelgiji kwa kampuni ya Umicore. Uchafu wa babu zetu una wanunuzi Ulaya! Nafurahi, kweli nafurahi, lakini hapo njo swali la mji linapoanza. Terili inapungua, siku moja chini yake kutabaki kiwanja kikubwa tupu jirani kabisa na maji, na kile kiwanja ndicho kitapiganiwa. Sheria ya madini, ile Code Minier, iliyorekebishwa 2018 inazitaka kampuni za madini ziweke asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zilizo jirani. Sheria ya mazingira ya 2011 inasema mchafuzi alipe. Tunazo sheria, jamani, na hizo si karatasi ndogo. Mipango ya kile kiwanja inatakiwa ianze kuzungumzwa sasa, mlima ukiwa bado umesimama, kwenye mkutano wa wazi wa komini, yaani wilaya yetu ya mji, kwa Kiswahili, na ramani ukutani.

Kitu kingine kinachoniogopesha ni historia ya London. Bandari zao za ndani zilikufa, za mwisho zikafungwa mwaka 1981, na mwaka huohuo serikali ikaunda shirika la kuzijenga upya, likafanya kazi mpaka 1998. Ukitazama Canary Wharf leo, minara ya mabenki, utasema walifaulu, na kwa pesa walifaulu. Ila familia za wapakua mizigo walioishi pale vizazi na vizazi walilalamika tangu mwanzo kwamba zile nyumba si za kwao na zile kazi si za kwao, walikuwa wanaangalia tu vioo vikipanda. Kwetu itakuwa rahisi zaidi kufanya hivyo, kwa sababu ardhi ni ya serikali tangu sheria ya Bakajika ya 1966, na mtu wa kando ya mto mara nyingi ana karatasi ya shefu wa katiye, mkuu wa mtaa, peke yake. Akiambiwa aondoke ataonyesha nini?

Shemine, kwa upande wangu, ibaki. Sitaki iangushwe kama ya Tacoma. Kule Seattle, mji jirani na Tacoma, walikuwa na kiwanda cha gesi kando ya ziwa, kilianza 1906, mwaka uleule wa Union Minière, kikafungwa 1956, na msanifu Richard Haag akapigania ile minara yenye kutu isibomolewe. Bustani ikafunguliwa 1975, minara imesimama katikati, familia zinakaa kwenye majani zinarusha kishada. Lakini hata pale kuogelea marufuku, tope la chini ya maji bado lina sumu. Wamewaambia watu ukweli na bado watu wanapapenda. Sisi tunaweza kuwa na kitu kama hicho, shemine, injini moja ya treni, majina ya waliofanya kazi mule yaandikwe ukutani, wazee wa Gécamines ambao bado wako hai wawe ndio waongozaji wa wageni, walipwe kwa kujua kwao.

Kama ningepewa nafasi ya kusema mbele ya burgumesta, mkuu wa komini, ningesema ukanda wote unaogusa maji usiuzwe kwa mtu yeyote, ubaki wa umma, upandwe nyasi na miti, kwanza kwa sababu ya sumu na pili kwa sababu mwezi wa pili na wa tatu mto unapanda na nyumba zilizoko bondeni zinaingiliwa. Ningesema kila parseli ndani ya lile eneo la moshi isipate sertifika mpya bila karatasi ya vipimo vya udongo, kama vile huwezi kupata bila ya kadasta. Ningesema visima vipimwe, juu watu wanakunywa humo. Ningeomba wakulima wa mboga wapewe matuta yaliyoinuliwa yenye udongo ulioletwa, kwa mkataba ulioandikwa, wabaki palepale karibu na wateja wao. Na ningewakumbusha kwamba mto wetu hauishii kwetu: unaingia Kafubu, Kafubu inaingia Luapula, Luapula inaingia ziwa Mweru, na wavuvi wa Kilwa na Pweto wako mwisho wa hiyo njia. Tukishika udongo wetu hapa tunawatendea mema watu ambao hatutawaona.

Kwa wale ambao tayari mnakaa upande ule, msihame usiku kwa sababu ya posti yangu, fanyeni hivi. Uwanja usiwe mtupu, pandeni nyasi yoyote inayokubali au wekeni changarawe safi, ardhi iliyofunikwa haipeperuki. Fagieni baada ya kunyunyiza maji. Viatu vibaki mlangoni, na mtoto anawe mikono na sabuni kabla ya kula, hasa yule anayependa kutia udongo mdomoni. Mboga za nyumbani ziote kwenye gunia au kwenye tuta la juu lenye udongo wa mbali na mboji, na zioshwe kwa maji mawili. Wajawazito wasipewe kazi ya kufagia vumbi kavu, hiyo naiomba sana kwa waume na wakwe.

Na ukitaka kupima kabla ya kununua, usichukue konzi moja ya pale mlangoni. Chimba kina cha shubiri moja katika pembe zote na katikati, changanya kwenye beseni ya plastiki iliyo safi, si ya chuma, ondoa mawe na mizizi, anika kivulini, tia kwenye mfuko mpya na andika sehemu na tarehe. Ukienda labo, sema unataka pH, shaba, kobalti, risasi, kadimiamu na arseniki, usikubali kupimiwa rutuba peke yake kwa sababu hiyo ni ya mkulima anayetafuta mbolea. Lango la kwanza la kubisha ni kitivo cha kilimo cha UNILU. Majirani mkijichanga mkapeleka sampuli pamoja mzigo unakuwa mwepesi, na majibu ya mtaa mzima yana nguvu kwenye meza ya komini kuliko majibu ya mtu mmoja. Mwenye kujua labo nyingine hapa mjini inayopima hizo metali kwa bei ya mwananchi aniandikie, nitaiongeza hapahapa chini.